Mbegu za Kila Asubuhi

Ziwani, Kitangiri
18 Septemba 2023

Mdogo wangu Manase,

Salamu za huku zikufikie, zina vumbi kidogo maana upepo wa mwezi huu hautuachi. Ile shikamoo uliyomtuma Antipasi aliifikisha, ingawa aliitoa akiwa amening'inia mlangoni mwa basi lake na nusu ikabaki barabarani. Hiyo nusu nimeiitikia, marahaba. Flora hajambo? Joyce mafua yameisha? Mwambie shangazi yake anamtunzia kifaranga mweupe kama alivyoagiza, lakini mwewe naye ameagiza, kwa hiyo asikawie kuja.

Sisi hatujambo. Baba hajambo. Anakula, analala, anatembea. Mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha na mmoja amemkataa, namnyonyesha kwa chupa, ananifuata mpaka kanisani. Ziwa limerudi nyuma sana. Pale tulipokuwa tunafulia sasa ni nyufa za tope kavu, na ndoo moja ya maji ni safari.

Wewe umezoea kuchomelea mageti huko Manyoni, mwaka mzima kwako ni mmoja. Huku huu ndio mwezi wa kuhangaika. Mabua ya mwaka jana bado yamesimama shambani, yanataka kung'olewa na kuchomwa kabla upepo haujageuka. Boma la ng'ombe linataka miiba mipya. Kuni za masika sijakata hata mzigo mmoja. Na nyumba, Manase. Unajua baba hataki kusikia habari ya bati, anasema bati ni la kupigia kelele. Paa lake la udongo panya wamelichimba, na kona ya juu ya kitanda chake inaonyesha mbingu. Paa la tembe huliwekei udongo mvua ikishaanza, utakuwa unapika uji. Redio inasema mwaka huu mvua ni kubwa. Kwa hiyo nakuomba uje Oktoba, siku chache tu, tulifanye pamoja kama zamani.

Jambo la pili ni mbegu. Najua kila mwaka unamtumia baba mbegu za uwele. Mwaka huu nitumie mimi. Usiniulize sana.

Simu ya nyumbani ni ile moja, na inakaa mfukoni mwa baba tangu anapoamka. Ndiyo maana nakuandikia. Akikupigia, msikilize, mwitikie, usibishane naye.

Nifunge hapa, mtoto wa mbuzi anatafuna kona ya karatasi.

Dada yako,
Loyce

*

Manyoni
5 Oktoba 2023

Kwako dada Loyce,

Shikamoo. Barua yako Antipasi aliileta karakanani nikiwa na kazi mkononi, nikaisoma usiku. Flora anakusalimu sana. Joyce amepona na anauliza habari za kifaranga kila siku, natamani usingemwahidi. Mimi mgongo unanisumbua, ila nashukuru Mungu, kazi zipo.

Dada, nimeisoma mara mbili na kuna mambo sikuyaelewa. Unasema nisikuulize. Sasa mimi nimuulize nani?

Baba amenipigia. Hakupiga mara moja, amepiga karibu kila siku wiki hii. Anaongea vizuri kabisa, sauti yake ni ileile. Anasema umefunga ghala na ufunguo unaufunga shingoni. Anasema msimu umefika na mbegu zake umemnyima, anaziomba kama mtoto anayeomba sukari. Anasema jirani Ezekieli anaingia na maksai wake shambani kwetu bila yeye kuulizwa. Jana alisema hajala tangu juzi. Dada, baba yetu hajawahi kuomba chakula kwa mtu. Nilikaa kwenye kiti nikashindwa kula mwenyewe, Flora akaondoa sahani.

Mimi sitaki kuamini vibaya. Lakini unaponiandikia nisitume mbegu kwa baba nitume kwako, na baba ananililia kwamba umemfungia, wewe ungekuwa mimi ungefikiri nini? Uliporudi kutoka Sepuka, ndoa ilipokushinda, ni baba aliyekufungulia mlango. Hakukuuliza neno. Naomba ulikumbuke hilo.

Kuja Oktoba siwezi. Nina kazi ya mageti ya shule na vijana wangu bila mimi hawanyooshi hata nondo. Ila mbegu nimemtumia baba, kwa jina lake, mfuko mzima. Nimemwambia Antipasi amkabidhi mkononi, asimpe mtu mwingine. Usinielewe vibaya.

Nijibu kuhusu ufunguo.

Mdogo wako,
Manase

*

Ziwani, Kitangiri
24 Oktoba 2023

Manase,

Marahaba. Nisalimie Flora, na mgongo wako ukandwe kwa maji ya moto yenye chumvi, usiache mpaka uwe mzee kabla ya wakati. Mwewe alikuja. Alichukua kifaranga mwingine, yule mweupe yupo. Mwambie Joyce.

Paa limekamilika. Hukuja, limekamilika. Waliokuja ni wanawake wa kwaya, nilipika togwa ya kutosha na wakaja na madebe yao. Ezekieli alichimba udongo wa kichuguu kule nyuma ya mgunga, maana ule wa pembeni mwa ziwa una chumvi, haushiki. Tuliupandisha kwa ngazi mkono kwa mkono, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Baba alisimamia. Alisimama chini na fimbo yake akielekeza wapi pamwagwe, na kila debe alisema limwagwe upande wa mashariki. Tulimwaga upande wa mashariki. Jioni wenzangu walipoondoka nilipanda mwenyewe, nikausawazisha kwa jembe mpaka upande wa magharibi. Kiuno mpaka leo si changu.

Mabua nimechoma. Boma bado upande mmoja. Korongo weupe wameanza kutua kwenye matope ya ziwa, wengi, kwa hiyo mvua haiko mbali, na shamba la juu halijaguswa. Ezekieli ameniazima maksai wake kwa sababu wetu mmoja ni mgonjwa wa kwato. Huyo ndiye mwizi anayeingia shambani.

Umeuliza kuhusu ufunguo. Ni kweli nimefunga ghala, na ufunguo uko shingoni mwangu, hata nikioga. Baba anakula kabla yangu, kila siku, na anapewa kilicho bora. Zaidi ya hapo siandiki.

Mbegu ulizomtumia zilifika mkononi mwake kama ulivyoagiza. Zimekwisha.

Na ile habari ya Sepuka, umeandika mistari michache tu, lakini imenikaa kooni tangu siku niliyoisoma. Sikujua kama unanihesabia. Umesema baba alinifungulia mlango bila kuuliza neno. Ndiyo. Ndiyo maana na mimi yapo maneno ya baba sitayatoa nje ya mlango huohuo, hata kwako. Kama unataka kuyajua, njoo ukae hapa wiki moja. Usije siku moja ukanywa chai ukaondoka.

Baba anakusalimu.

Loyce

*

Manyoni
12 Novemba 2023

Dada Loyce,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo. Huku mvua za kwanza zimeshanyesha na mtaro wa karakana umejaa.

Sitazunguka. Baba mdogo Isaka alinipigia kutoka Misigiri. Alipita huko nyumbani wiki iliyopita kumjulia hali kaka yake, hukuwepo, ulikuwa umekwenda kuteka maji. Jirani yako Kristina alimwita pembeni, akamwambia asubiri aone kwa macho yake. Akasubiri. Anasema ulirudi, ukaweka kikaango motoni, ukamimina uwele, ukaukaanga. Halafu ukaujaza kwenye kibuyu cha mbegu cha baba, ukamkabidhi, na baba akaenda shamba la chini akaupanda. Mbegu zilizokaangwa. Baba mdogo aliokota chache kwenye shimo akazitafuna, anasema zilikuwa bado na harufu ya moto.

Kristina anasema unafanya hivyo kila asubuhi.

Mimi ni fundi wa chuma lakini nilizaliwa kwenye jembe. Mkulima gani anakaanga mbegu? Kijijini wanasema mawili. Wengine wanasema unataka shamba la baba life, ili mimi nikate tamaa nalo libaki kwako. Wengine wanasema neno lingine kuhusu baba, kwamba anafanyishwa kazi na yeye hayumo, na neno hilo sitaliandika kwa sababu wewe bado ni dada yangu. Baba mdogo analiamini. Mimi sijui niamini nini, na hilo ndilo linaloniumiza.

Umesema mfuko mzima wa mbegu umekwisha, na mvua ilikuwa haijanyesha. Umekwisha vipi?

Nakuuliza kwa maandishi, nijibu kwa maandishi, na ujibu lile nililouliza, usinieleze habari za korongo. Nisipopata jibu, katikati ya Desemba nitakuja na baba mdogo, nimchukue baba aje akae na mimi Manyoni. Na wewe itabidi ufikirie utakaa wapi.

Manase

*

Ziwani, Kitangiri
26 Novemba 2023

Manase,

Marahaba. Hatujambo. Mvua imefika, imekuja na hasira, na ziwa linapanda kila siku. Kambale wanaingia mpaka kwenye nyasi za malisho, watu wanawaokota kwa matenga. Hizo ndizo habari, usiseme nimekuandikia korongo.

Umeuliza, nakujibu. Nilijiapiza sitaandika, na nikimaliza nitalia, kwa hiyo soma kwa makini maana sirudii.

Baba anasahau. Sisemi anasahau fimbo au kofia. Anasahau jana. Ilianza baada ya Pasaka, ulipokuwa umeshaondoka. Nilimpeleka hospitali Kiomboi nikamwambia tunakwenda kutazama macho. Daktari alikaa naye muda mrefu, akaniambia ni ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee, hauna sindano, na utazidi. Akaniambia nimwache afanye anachokijua, nisimpinge, akipingwa anapotea zaidi.

Sasa anachokijua baba ni kupanda. Unakumbuka tangu zamani alivyopenda kupanda kavu, kabla ya mvua, ili mbegu ingoje ardhini na tone la kwanza liikute humo? Akili yake imesimama hapo. Kila asubuhi anaamka, ananusa upepo, anavaa koti lake, anasimama mlangoni anasema, "Loyce, mvua imekaribia, lete mbegu." Anakwenda shamba la chini, anapanda mpaka jua linakuwa kali, anarudi amechoka na amefurahi. Anakula, analala mchana. Akiamka hakumbuki. Kesho anapanda palepale.

Mbegu zetu za akiba alizimaliza mwezi wa nane kwenye vumbi. Kanga wa porini wakanenepa. Ndipo nikafunga ghala, maana tungekula nini? Ule mfuko wako aliupanda wote kwenye matuta yaleyale. Zilizoachwa na kanga ziliota kwa mvua hii, zimesongamana, haziwezi kuzaa. Mbegu za shamba la juu nimezipata kwa Ezekieli.

Nilipomnyima alinipigia magoti. Baba, Manase. Mbele yangu. Nikaona nitafute ujanja, nikamjazia kibuyu mchanga wa ziwani. Alitia mkono, akanitazama, akasema, "Loyce, nimekukosea nini?" Sijawahi kuona aibu ya namna ile, hata Sepuka. Siku ya pili nikachukua vibaba vichache vya uwele nikaukaanga kidogo usiote. Mkononi ni mbegu ileile, uzito wake uleule. Aliupokea akashukuru. Akishalala mchana, nashuka shambani naokota ninazoweza, kesho nazirudisha kwenye kikaango. Huo ndio uchawi wangu.

Anakupigia simu kusema hajala kwa sababu hakumbuki kula. Na siku wageni wakija anajikaza, sijui anatoa wapi nguvu, anaongea kama zamani na kila mtu anaondoka akisema mzee yuko imara. Baba mdogo aliona hivyo.

Utauliza kwa nini sikusema. Unamkumbuka yule mzee wa kule kisimani tulipokuwa wadogo, aliyekuwa anavua nguo njiani? Watoto walimfuata wakimwimbia, na watu wazima walicheka barazani. Baba ndiye aliyekuwa anatoka na fimbo kuwafukuza. Sitaki waje wamwimbie yeye. Acha waseme mbegu zinakaangwa na Loyce, Loyce ana miguu, anaweza kupita njia nyingine.

Kwa hiyo nakuomba, usimwambie mtu. Flora mwambie, basi. Na usimchukue. Hapa miguu yake inajua njia yenyewe, kutoka mlangoni mpaka shambani hakuna anapopotea. Huko kwako kuna reli na malori.

Njoo umwone. Njoo kama mtoto wake, usije kama askari.

Barua nampa Antipasi mwenyewe, kama barabara itamruhusu.

Loyce

*

Manyoni
21 Januari 2024

Dada yangu Loyce,

Shikamoo. Naiandika hii shikamoo sijui kama utaiitikia.

Barua yako ya Novemba nimeipokea jana. Antipasi aliileta akiwa ameinamisha kichwa. Anasema siku ile uliyompa, korongo la kabla ya Misigiri lilijaa, basi likalala huko, akaiacha kwenye duka la pale stendi ili gari lolote liichukue. Mwenye duka akaisukuma nyuma ya magunia ya chumvi, akasahau. Njia yao ikahamishwa kwa ajili ya mvua, na Antipasi hakupita pale tena mpaka wiki hii. Ina alama ya maji na inanuka chumvi. Nimeisoma nimesimama, halafu nimeisoma nimekaa, halafu nimempa Flora.

Kwa hiyo nilipokuja Desemba nilikuwa sijaisoma. Nataka ulijue hilo kabla ya lingine lolote. Nilisubiri jibu mpaka siku ya kuondoka. Nikajisemea, ameulizwa kwa maandishi na ameshindwa kujibu. Na pale uani, baba mdogo alipokuita lile neno mbele ya watu, na mimi nikalirudia, nilikutazama nikingoja useme kitu. Hukusema. Ulikuwa unafunga nguo za baba kwenye shuka. Baba mwenyewe alikuwa amevaa koti, anawataja watu kwa majina yao na majina ya baba zao, anacheka. Nikaona nina ushahidi wote. Sijui niandike nini hapa, dada. Nimekata mistari mitatu.

Baba yuko hapa. Wiki ya kwanza alikuwa mzima kabisa, nikamwambia Flora, unaona, alikuwa anateswa. Wiki ya pili alianza kuamka alfajiri na kusimama getini. Anaita. Alipanda mchele wa Flora uani. Alipanda maharage kwenye kokoto za jirani, jirani akaja juu. Nilimfungia geti, akalitikisa mpaka vidole vikatoka damu, geti nililolichomelea mimi mwenyewe. Jumanne alipita mlango wa karakana tukamkuta karibu na reli, ameinama, anachimba mashimo kwa kisigino na kudondosha misumari yangu, mmoja mmoja, anafukia. Treni ya mizigo ilikuwa haijapita. Aliponiona akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Lakini linalonivunja zaidi si hilo. Kila asubuhi akiwa getini anamwita Flora Loyce. "Loyce, mvua imekaribia, lete mbegu." Flora anamwambia, baba, mimi si Loyce, mimi ni Flora mke wa Manase, Loyce yuko Kitangiri. Anaelezwa kwa upole, na kila akielezwa analia upya, kwa sababu kila siku ndiyo anaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba haupo.

Nimeamua. Nitamrudisha. Na nikifika, Jumapili nitasimama kanisani, nimwombe mchungaji nafasi, niwaeleze watu wote ukweli ulivyo, baba anaumwa nini, kwa nini ulikaanga mbegu, na nani aliyekosea. Baba mdogo Isaka nitamleta asimame pembeni yangu. Kristina pia atasikia. Nilikuchafua mbele ya watu, nitakusafisha mbele ya watu. Niambie Jumapili ipi.

Tafadhali nijibu haraka. Antipasi ameapa hataiacha barua yako popote.

Manase

*

Ziwani, Kitangiri
4 Februari 2024

Manase,

Marahaba. Nimeiitikia kwa sauti, peke yangu jikoni, mbuzi akashtuka.

Flora mpe pole, pole ya kweli, najua anayofanya kila asubuhi. Joyce mwambie kifaranga wake sasa ni jogoo, anawika hovyo.

Hujui nilivyokaa tangu Desemba, ngoja nikwambie. Mimi nilijua umeisoma. Nilimpa Antipasi mkononi, nikahesabu umeisoma, na nikafurahi uliposhuka kwenye gari kwa sababu niliona mdogo wangu amekuja. Halafu nikasikia lile neno likitoka kinywani mwako. Nikajisemea moyoni, amesoma yote, anajua yote, na bado ananiita hivyo mbele ya Kristina. Mtu uliyemwambia ukweli wote akikutemea mate, unamwongezea nini? Nikaendelea kufunga nguo za baba. Sasa naelewa ulikuwa hujasoma. Nashukuru kulijua. Lakini bado inauma, sitakudanganya, na utakapokuja sitakuchekea siku ya kwanza. Nivumilie.

Sasa nisikilize kuhusu Jumapili. Hapana.

Usisimame kanisani. Usimlete baba mdogo, usimwite Kristina. Najua umeichomelea hiyo hotuba moyoni na umeipiga msasa, na wewe utashuka pale mbele umepumua. Mimi je? Ili mimi nitakasike, lazima baba avuliwe nguo mbele ya kijiji kizima. Hakuna namna ya kusema mbegu zilikaangwa kwa nini bila kusema baba amekuwaje. Nimemficha tangu Pasaka, nimetukanwa kwa ajili hiyo, nimekaa bila kusalimiwa kisimani mwezi mzima. Unataka uje uyamwage yote kwa dakika kumi? Wakiniita mchawi nitalima, nitavuna, nitazeeka. Wakimwita baba kichaa, wiki hiyohiyo watoto watakuwa nyuma yake njiani na nyimbo. Huku kuna fimbo ya nani? Wewe upo Manyoni. Wanawake wa kwaya wawili wameshaanza kunisalimia. Wengine nitawasubiri.

Kama unataka kufanya kitu, kuna kazi. Ziwa limefunika shamba la chini lote, mpaka kwenye mgunga, lile alilokuwa anapanda halipo tena. Nilidhani nitalia, nikashukuru. Shamba la juu uwele umefika magotini na palizi imenizidi, magugu yananicheka. Njoo na jembe, sio na hotuba. Karibu na nyumba, upande wa jikoni, nimelainisha kipande cha ardhi, nimekizungushia miiba kuzuia mbuzi. Hicho ni chake. Atapanda hapo kila siku mpaka Mungu atakapomwambia basi. Ukitoka barabara kubwa usije kwa njia ya chini, maji yamekata. Ezekieli atawangoja juu na mkokoteni wa ng'ombe. Baba mkalishe katikati, ukingoni anaona kizunguzungu.

Msimlete kwa haraka. Mpumzisheni Misigiri, anywe uji, mumbadilishe nguo. Avae koti.

Na mwambie Flora hivi. Aache kumweleza. Asubuhi baba akisimama hapo getini akaita Loyce, asiseme mimi ni Flora, asiseme Loyce yuko mbali. Aitike tu, "Abee baba." Aitike mpaka mtakapofika.

Loyce